Hela ya kotini inagawanywaje? Barua zenu kuhusu gharama za mahakama Marekani

Jamani mwezi huu barua zimekuja nyingi mno za jambo moja na karibu zote zinatoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, kwa hiyo safu nzima nimeiachia hilo. Wengi mmekamatwa barabarani, mmelipa, mkakaa na risiti mkononi mnashangaa mistari. Nimechagua barua sita, nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu.

"Dada habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, nipo Texas mwaka wa sita sasa. Juzi nilikamatwa kwa spidi nikiwa na gari yangu ndogo, kwenye kamji kadogo tu, nikaenda kulipa. Faini naikubali, kosa ni langu. Lakini juu yake nimekuta gharama za jimbo dola 62, gharama za hapo mjini dola 14, faini ya trafiki ya jimbo dola 50, na ingine dola 3. Yaani dola 129 mbali na faini yenyewe! Nikamuuliza karani akasema ndo sheria. Naomba unieleze hizi hela anakula nani." — Dereva wa masafa, Texas

Kaka yangu pole, na ahsante kwa kutaja mstari mmoja mmoja, wengi wanaandika tu "wamenikata hela nyingi" halafu nashindwa pa kuanzia.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, manake huku ndiko kila kitu kinakoamuliwa. Faini ni adhabu, umekosea unalipa. Gharama za mahakama ni kitu kingine, hizo zinahesabiwa kama malipo ya kuendesha shughuli yenyewe ya sheria, na bunge la jimbo ndo linapanga kiasi na linapanga pia ziende wapi. Hakimu hapangi. Hata akikuonea huruma akashusha faini, ile 62 mara nyingi inabaki palepale kwa sababu haiko mikononi mwake kama faini ilivyo.

Sasa kwa Texas ile faini ya spidi inabaki kwa huo mji uliokukamata. Ile 14 nayo inabaki hapohapo mjini, na imeshakatwa vipande na sheria: dola 5 za mipango ya kuwasaidia vijana wasiingie kwenye kesi, dola 4 na senti 90 za ulinzi wa jengo la mahakama, dola 4 za kompyuta na teknolojia, na senti 10, ndiyo senti 10 tu, za mfuko wa juri, wale raia wanaoitwa kuamua kesi. Jumla 14 kamili. Ile ya dola 3 pia ni ya mji.

Ile 62 ndo inasafiri. Mji unakusanya za watu wote kwa miezi mitatu, halafu mwezi unaofuata kabla haujaisha wanapeleka hesabu na hela kwa Mdhibiti wa Hesabu za jimbo kule Austin, na wakiwahi muda wanaruhusiwa kubaki na asilimia 10 kama ujira wa kukusanya. Ikifika Austin haikai kwenye chungu kimoja, inagawanywa kwa asilimia zilizoandikwa kwenye sheria mpaka tarakimu nne baada ya nukta. Kuna mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu, kuna mafunzo ya mahakimu na watumishi wa mahakama, kuna redio za mawasiliano ya dharura, kuna vipimo vya pombe kwa madereva, na mingine midogo midogo. Na ile 50, faini ya trafiki ya jimbo, mji unabaki na asilimia 4, nyingine inaenda jimboni na sehemu yake inasaidia hospitali zinazopokea majeruhi wa ajali.

Hapo utasema basi sawa, mambo mazuri hayo, nani atakataa kumfidia mtu aliyeumizwa. Mimi pia sikatai. Ila sikiliza kisa cha 2017. Mtu mmoja wa kaunti ya Harris alitiwa hatiani kwa kosa kubwa, na kosa kubwa wakati huo gharama ya jimbo ilikuwa dola 133. Mawakili wake wakafuata ile dola 133 mpaka mwisho wa njia, wakakuta asilimia 9.8218 inaenda kwenye mfuko wa kuwahudumia watu wenye ulemavu, na asilimia 0.0088 imeandikwa ni ya ushauri nasaha kwa watoto walionyanyaswa, lakini mfuko huo wa watoto haukuwepo tena na hela ilikuwa inaishia kwenye mfuko mkuu wa jimbo! Mahakama ya juu kabisa ya jinai ya Texas ikasema hapana. Mahakama inaweza kukusanya hela ikiwa tu inaenda kwenye shughuli za haki jinai, la sivyo mnamgeuza hakimu kuwa mtoza kodi na katiba ya Texas haikubali kazi za mihimili zichanganywe hivyo. Ile 133 ikashuka mpaka dola 119 na senti 93. Bunge likakaa 2019 likapanga upya orodha yote, na kuanzia Januari 2020 kosa kubwa likawa dola 185 na kosa dogo la faini tu, kama lako, likawa hiyo 62.

Nimekieleza kwa urefu kwa sababu ndo kinaonyesha swali lako ni la haki kabisa. Watu walihoji hela inaenda wapi, na jibu likabadilisha sheria. Na kuhusu kamji kadogo, Texas ina kifungu kwa miji yenye watu chini ya 5,000: mapato yake ya faini za trafiki yakivuka asilimia 30 ya mapato ya mwaka uliopita, kinachozidi karibu chote kinakwenda jimboni. Kifungu hicho kimewekwa kwa sababu moja tu, kuna miji ilikuwa inaishi kwa kuwinda madereva.

Halafu yule karani. Texas sheria inasema gharama hailipwi mpaka kuwe na karatasi yenye kuonyesha kila kipengele. Siku nyingine omba hiyo karatasi, kwa upole, ni haki yako.

"Shikamoo. Kijana wangu ana leseni miezi minane tu, hapa California, amepita alama ya stop bila kusimama sawasawa. Aliambiwa faini ya kosa hilo ni dola 35. Barua ilipokuja ni zaidi ya dola 200. Nikadhani ni matapeli, nikaenda mwenyewe mahakamani kuuliza, wakaniambia ni kweli. Mwanangu 35 inakuwaje 200?" — Mama mzazi, California

Marahaba mama yangu. Si matapeli, japo ukiangalia hesabu unaelewa kwa nini uliwaza hivo. Mwaka 2016 ofisi ya uchambuzi ya bunge la California yenyewe ilipiga hesabu ya kosa hilihili na ikapata dola 238. Chukua kalamu tuifuate pamoja hiyo hesabu yao ya 2016.

Faini ya msingi 35. Juu yake jimbo linaweka dola 10 kwa kila dola 10 ya faini au sehemu yake, na 35 inapandishwa inahesabiwa kama 40, kwa hiyo 40 ingine. Kaunti inaweka 7 kwa kila 10, hiyo ni 28. Mfuko wa vipimo vya DNA 20. Ujenzi wa mahakama 20. Huduma za dharura za afya 8. Tozo ya asilimia 20 juu ya faini, dola 7. Halafu zinakuja zile ambazo hazijali faini ni ndogo au kubwa: dola 40 za uendeshaji wa mahakama, dola 35 za majengo, dola 4 za ndege za kubeba wagonjwa, na dola 1 ya mahakama ya usiku. Jumlisha. 238. Faini yenyewe, yaani adhabu ya kosa, ni 35 tu, hiyo 203 iliyobaki ni bajeti za watu wengine.

Na ugawaji unaendelea ndani zaidi. Ile 40 ya jimbo, asilimia 30 inabaki kaunti, yaani dola 12, na 28 inakwenda Sacramento, kwenye serikali ya jimbo. Huko zamani ilikuwa inakatwa kwa asilimia zilizokwishapangwa: 32.02 mfuko wa kuwafidia waathirika, 25.70 mafunzo ya udereva, 23.99 mafunzo ya polisi, na mpaka uhifadhi wa samaki na wanyamapori walikuwa na 0.33 yao. Mwaka 2017 bunge likaziondoa hizo asilimia, sasa mgao unaamuliwa kwenye bajeti, kwa sababu makusanyo yalikuwa yanashuka na kila mfuko ulikuwa unalia.

Mimi mama hili linaniuma. Tozo hizi hazikuwekwa siku moja na mtu mmoja mwenye nia mbaya, ziliongezwa moja moja kwa miaka mingi, kila mara kulikuwa na jambo jema linalotaka hela na hakuna mbunge aliyetaka kusema neno kodi mbele ya wapiga kura wake. Sasa kijana wa miezi minane barabarani ndo analipia jengo la mahakama. Tajiri na yeye atalipa kiasi hichohicho, lakini kwa tajiri ni hela ya kusahau kesho yake, kwa anayeishi kwa mshahara wa wiki ni chakula cha watoto.

California wameanza kurudi nyuma kidogo, nawapa haki yao. Sheria iliyoanza Julai 2021 ilifuta aina 23 za ada kwenye kesi za jinai, kama ada ya kulipia wakili wa umma na ada ya kusimamiwa ukiwa nje kwa masharti, na madeni yaliyofutwa yalikadiriwa kuwa dola bilioni 16, karibu yote ya watu ambao wasingeweza kulipa hata wangeishi mara mbili. Kaunti zikapewa dola milioni 65 kwa mwaka kufidia pengo. Januari 2022 zikafutwa nyingine 17. Halafu kuna ile adhabu ya kuchelewa kulipa au kutokufika, ilikuwa inaweza kufika dola 300 na mahakama zenyewe zilikuwa zinanufaika nayo, kuanzia Julai 2022 ikashushwa isizidi 100 na hela ikaelekezwa mfuko mkuu wa jimbo. Hiyo ya mwisho kwangu ndo kubwa zaidi, nitaeleza kwa nini kwenye barua ya mwanafunzi hapo chini.

Tozo za kijana wako hazimo kwenye zilizofutwa. Lakini asikae kimya mpaka tarehe ipite, California kuna mfumo wa mtandaoni unaitwa MyCitations, anaeleza kipato chake anaomba apunguziwe au alipe kidogo kidogo. Afanye wiki hii hii.

"Mimi ni mwalimu North Carolina, shule ya msingi. Mwenzangu aliniambia hela za faini zinakuja kwetu mashuleni, nikacheka kwa sababu mimi chaki nanunua mwenyewe. Ni kweli au aliniongopea?" — Mwalimu wa darasa la tatu

Hakukuongopea mwalimu. Katiba ya North Carolina, ibara ya 9 kifungu cha 7, inasema mapato halisi ya faini zote za makosa ya jinai yatabaki kwenye kaunti husika na yatumike kwa shule za umma peke yake. Mapato halisi maana yake unaruhusiwa kutoa gharama ya kukusanya, isiyozidi asilimia 10, kilichobaki ni cha watoto.

Lakini ona sasa neno moja linavyofanya kazi. Faini ni ya shule, gharama za mahakama siyo. Kwenye kesi ya jinai ya mahakama ya wilaya, ada kubwa ya mahakama ni dola 147 na nusu na karibu yote inakwenda mfuko mkuu wa jimbo, kuna dola 12 za jengo zinazobaki kwa kaunti au mji, na nyingine ndogo ndogo. Hakimu anaweza kumpa mtu faini ya dola 10 na gharama zinazidi mara kumi na kitu. Shule inapata hiyo 10. Kwa hiyo bunge likitaka hela bila kugawana na shule, linaongeza gharama, haliongezi faini.

Na walishajaribu hata kupitiliza. Mwaka 2011 waliweka dola 50 kwa kila anayekubali kosa la kifaa kibovu cha gari, ambalo ndo mawakili wengi wanawashushia madereva wa spidi, na hela hizo zikawa zinalipia kaunti kwa kukaa na wafungwa kwenye jela zao. Bodi ya elimu ya kaunti ya Richmond ikaenda mahakamani ikasema hiyo 50 ni adhabu mmeivalisha jina la gharama, ni hela yetu. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao. Nilifurahi sana nilipoisoma. Halafu 2017 wakarudi tena kudai hela yenyewe, kama dola 272,300, mahakama ikasema kweli hela ilichukuliwa kinyume cha katiba lakini imeshatumika, na sisi mahakama hatuna mamlaka ya kuliamuru bunge litoe hela hazina. Kwa hiyo walishinda kesi na hawakupata kitu. Mwalimu, chaki zako ziko humo.

Missouri pia katiba yao inapeleka faini shuleni, na Michigan ni ajabu zaidi, faini za makosa ya jinai ya jimbo katiba inazipeleka maktaba za umma na maktaba za sheria za kaunti, kila siku nikikumbuka hilo nafurahi. Na Missouri wana kesi ya 2021 ambayo ingefaa ifundishwe. Kulikuwa na dola 3 kwenye kila kesi kwa ajili ya pensheni ya masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti. Dola 3 tu, nani ataipigania? Wakapatikana watu wa kuipigania, na Mahakama ya Juu ya Missouri ikasema pensheni ya sherifu haina uhusiano wa maana na gharama za kuendesha haki mahakamani, na katiba inasema haki itolewe bila kuuzwa. Ikafutwa.

"Dada mimi nasoma chuo New Orleans. Profesa alitupa swali: kama mahakama inaendeshwa kwa hela za wanaotiwa hatiani, hakimu anaweza kuwa wa haki? Darasa liligawanyika. Wewe unaonaje?" — Mwanafunzi, Louisiana

Mdogo wangu hilo swali lina miaka karibu mia, na profesa amekuuliza ukiwa mji wenyewe hasa.

Anza na Ohio wakati wa marufuku ya pombe. Meya wa kijiji kinaitwa North College Hill alikuwa ndo hakimu pia. Akampata mtu na pombe, akamtoza dola 100 na gharama, na kwenye hizo gharama dola 12 zilikuwa za meya mwenyewe, anazipata akimtia mtu hatiani, akimwachia hapati kitu. Na nusu ya faini ilikuwa inabaki kijijini. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Tumey dhidi ya Ohio, majaji wote kwa sauti moja wakasema huyo si hakimu wa haki. Mwaka 1972 ikaja kesi ya Monroeville, Ohio hukohuko, safari hii meya hachukui kitu mfukoni ila sehemu kubwa ya mapato ya kijiji inatoka kwenye faini zake, wakasema hata hiyo hapana, kwa sababu anayebeba mzigo wa bajeti atavutika kuhukumu ili mzigo upungue.

Sasa njoo New Orleans. Kulikuwa na utaratibu kwamba mtu akiwekewa dhamana ya hela kupitia kampuni za dhamana, asilimia 3 ya dhamana inakuwa ada, na katika hizo asilimia 3, asilimia 1.8 ya dhamana inaingia mfuko wa matumizi ya mahakama. Mfuko huo unalipia wafanyakazi na vifaa vya ofisi za mahakimu, na ada hizo zilikuwa kama asilimia 20 mpaka 25 ya mfuko wote. Hakimu anayeamua dhamana iwe ngapi ndo huyohuyo ofisi yake inanufaika ikiwa kubwa. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa tano ikatamka kwamba hiyo inavunja haki ya kusikilizwa bila upendeleo. Hawakusema hakimu ni mwizi. Walisema mpangilio wenyewe ndo mbovu, awe mtu mwema au mbaya, na hapo ndipo na mimi niliposimama, kwa hiyo kama darasa lako lilikuwa linabishana mahakimu ni watu wema au la, mlikuwa mnabishania kitu kisichohusika.

Lakini linaloninyima usingizi ni la mawakili wa umma. Louisiana kila anayetiwa hatiani, hata kwa tiketi ya trafiki, analipa dola 45 za kuwalipia mawakili wanaotetea wasio na uwezo. Fikiria taratibu. Wakili anakutetea, ukishinda ofisi yake haipati kitu, ukishindwa inapata 45. Sisemi mawakili wale wanawauza wateja, wengi wao wanafanya kazi mpaka usiku kwa mishahara ya kusikitisha, nasema ni nani aliyekaa akaona huu ni mpango mzuri. Na kuna ubaya wa pili, polisi wakiandika tiketi chache mwaka huo basi hela ya utetezi inakauka, wakati idadi ya wanaoshtakiwa kwa mauaji na ubakaji haijapungua hata mmoja. Mapema 2016 ofisi ya mawakili wa umma ya hapohapo New Orleans ikaanza kukataa baadhi ya kesi nzito, watu wakabaki jela wanasubiri wakili. Kwa sababu gani? Miongoni mwa sababu ni kwamba tiketi za barabarani zilikuwa zimepungua!

Na usidhani ni Louisiana tu. Nevada mwaka 2015 jaji mkuu wa Mahakama ya Juu ya jimbo alikwenda bungeni kuwaambia wabunge kwamba mahakama yake inakaribia kuishiwa hela, sababu yake polisi wanaandika tiketi chache. Kule wakati huo tozo ya kila hatia ya kosa dogo ilikuwa inagawanywa: dola 2 mahakama ya watoto, dola 7 mahakama ya chini iliyosikiliza, dola 5 mfuko mkuu, na kinachobaki asilimia 51 au zaidi ilikwenda upande wa mahakama na isiyozidi 49 upande wa serikali. Mahakama ya juu ya jimbo zima, na ilikuwa inategemea spidi za watu jangwani. Madereva wakitii sheria, mahakama inafilisika. Ndo maana nilisema ile hatua ya California ya kupeleka adhabu ya kuchelewa mfuko mkuu ni kubwa, inaondoa mkono wa mahakama kwenye sahani.

Mwambie profesa msimamo wangu ni huo: mahakama ilipiwe na kodi ya wote, kwa sababu inatulinda wote, hata yule ambaye hajawahi kuingia ndani yake.

"Kaka yangu alihukumiwa, akalipa gharama na kila kitu, baadaye rufaa ikafuta hukumu. Hela tumeambiwa zilishagawanywa kwenye mifuko. Zimepotea?" — Dada mtu, Colorado

Hazijapotea, na uko jimbo lenye jibu lake. Colorado walikuwa wanafanya hivohivo, ukitaka hela zako ufungue kesi mpya na uthibitishe wewe ni msafi kwa ushahidi mzito. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2017, kesi ya Nelson dhidi ya Colorado, ikasema saba kwa mmoja: hukumu ikifutwa na hakuna kesi mpya, mtu hana hatia na jimbo halina haki hata ya senti, irudishwe bila kumdai athibitishe chochote. Mama aliyekuwa kwenye kesi ile alikatwa dola 702 na senti 10 kwenye akaunti yake ya gerezani, zikagawanywa kwenye mifuko ya waathirika na fidia. Kwamba zilishagawanywa halikuwa jibu. Wakili aliyefanya rufaa aandike ombi la kurudishiwa kwenye mahakama ileile iliyohukumu, na mbebe risiti zote.

"Sina hela ya kulipa. Naogopa kwenda kusema. Wataniweka ndani?" — Hakutaja jina, Georgia

Mpendwa, nenda. Usikae nyumbani, manake kutokufika ndo kunazaa hati ya kukamatwa, na leseni inaweza kufungiwa juu yake. Kuna kesi kutoka hapohapo Georgia ya mwaka 1983, Bearden dhidi ya Georgia, mtu alidaiwa faini dola 500 na fidia dola 250, akalipa 200, akaachishwa kazi, akashindwa dola 550 zilizobaki wakamfunga. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hakimu lazima kwanza aulize kwa nini hukulipa. Kama ulijaribu kweli na huna, inabidi atafute njia nyingine kabla ya kufikiria jela.

Kwa hiyo beba karatasi za mshahara, au barua ya kuachishwa kazi, bili ya kodi ya nyumba, na kama unapokea msaada wowote wa serikali beba uthibitisho. Ukisimama sema mwenyewe kwa sauti, usisubiri kuulizwa: naomba mahakama isikilize uwezo wangu wa kulipa. Omba muda, au kulipa kwa awamu, au kazi za jamii badala ya hela. Kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani kabla ya siku yenyewe. Na niandikie tena ukitoka, nitasubiri barua yako.